Mahindi Yanayooshwa kwa Wakwe

Asiatique, Bujumbura

Kaka Sleiman,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe, wifi na watoto wote huko Cibitoke. Je, kifua cha wifi kimepona? Sisi ni wazima, alhamdulillah, ila binti yangu Nura hasemi na mimi. Ana haki yake.

Umeniuliza kwa simu kwa nini nimeisimamisha ndoa yake na Moosa, kijana wa Mzee Twalibu, wakati nikahi imekaribia. Kwa simu ningetukana tu. Basi soma.

Unajua desturi yetu, wanawake wa upande wa bibi harusi huenda kwa wakwe kuchagua mchele wa karamu. Tukaenda kwao Kinanira, tukakaa mikekani, tunachagua, tunacheka. Nikatoka kutafuta ungo mwingine, nikakosea mlango, nikaingia depo, ghala lao la nafaka. Ee Mola! Wanawake wameinama kwenye mabeseni wanasugua mahindi, na maji ni mekundu. Zile mbegu zenye dawa ya kuua wadudu, kaka, wanazopewa wakulima wapande! Zinaoshwa, zinaanikwa, zinasagwa, halafu zinauzwa sokoni kama unga wa kawaida. Kwa harufu ile nikatapika palepale.

Mzee Twalibu akaja, akaniambia eti dawa yote inatoka na maji, eti watu wana njaa na yeye anawasaidia. Anawasaidia! Nikamwuliza kama nyumbani kwake wanakula unga huo. Akacheka, akasema apana, wao wanakula mchele. Mutu anacheka hivyo na tasbihi iko mkononi! Astaghfirullah. Nura anasema Moosa hakujua kitu. Labda. Lakini dirisha la chumba chake linatazama yale mabeseni.

Benite, mama mmoja wa Uvira anayefanya kibarua pale, alinifuata getini na kikombe cha maji nisukutue. Mikono yake imechubuka yote. Nikamwuliza wakulima wanaziuza wenyewe kwa sababu ya njaa, au vipi? Akasema wakulima hata hawazioni. Zinakuja gari zima kutoka stoo ya ushirika wa Cibitoke, na bwana anayezileta hukaribishwa ndani akala na Mzee. Nikamwuliza yukoje. Akasema ni mrefu, anachechemea, na anamwita Mzee mkwe wangu.

Nilikaa chini kwenye changarawe, kaka. Stoo ile funguo zake unazo wewe.

Ulituambia mashamba ya huko hayakuota kwa sababu ya mvua. Mvua gani? Watu walikaa na majembe wakisubiri mbegu, na wewe uko Kinanira unakula pilau! Sasa naelewa ulivyoniharakisha na ndoa hii. Ulitaka mshirika wako awe ndugu, ili sote tufunge midomo. Mtoto wangu ndiye ulimfanya kifuniko. Unanitia kichefuchefu kuliko yale maji.

Jana asubuhi nilikwenda polisi. Nimemtaja Mzee Twalibu, kisha nikakutaja wewe, na jina la marehemu baba yetu nikalitamka kwa sababu waliniuliza. Nililia pale mbele yao, lakini sikufuta hata neno moja.

Msalimie sana wifi. Watoto uwaambie leo, kwa kinywa chako mwenyewe, kwamba aliyekutaja ni shangazi yao. Sitaki walisikie kwa majirani.

Ni mimi dada yako, tumbo moja,
Miza