Visigino vya Ukoo Wetu

Jumapili, jioni. Kinole, huku milimani, nyumbani kwa dada. Mvua imekatika ila ukungu umegoma kuondoka, umekaa migombani kama mgeni asiyejua kuaga.

Mnaonisoma humu mtandaoni mmezoea niwaletee yule chui niliyemfukuza kwa mfuniko wa sufuria. Leo sina chui.

Leo nina visigino.

Ukoo wetu tunajulikana kwa mshipa wa nyuma ya kisigino, ule unaopanda kwenda kwenye shavu la mguu. Wetu ni mnene kama mpini wa jembe. Na kwenye vifundo vya vidole vya mikono tuna vinundu vigumu. Kila harusi nimesimulia asili yake: babu wa babu yetu alimbeba Mjerumani, kiti na yeye, toka mtoni hadi kileleni bila kutua, na Mjerumani anakunywa chai na chai haikumwagika. Mishipa ikavimba kwa kazi ile, Mungu akaipenda, akaturithisha. Mimi darasa la saba nimelisikilizia dirishani, lakini nikiisimulia hiyo, wenye digrii wanaacha pilau inapoa.

Aliyeipenda kuliko wote ni Shabani, mtoto wa dada yangu Mwanahawa. Akishusha mikungu ya ndizi toka juu, lazima apandishe suruali anionyeshe mguu. "Mjomba, mlete huyo Mjerumani wako nimpandishe!"

Masika iliyopita alianguka njiani na mzigo wake kichwani. Hakuinuka. Hata kuoa alikuwa hajaoa. Wengine wakasema katupiwa kitu, wengine wakasema wivu wa biashara. Nilikuwamo kwenye kumwosha. Maji yalipofika kwenye visigino nikajisemea, huyu kweli wa kwetu.

Nilijivuna. Mbele ya maiti.

Sasa mwezi huu dada yake Shabani, Zuhura, anayefundisha shule ya msingi mjini Morogoro, akaanza kubanwa na kifua akipanda ngazi. Nikamsindikiza hospitali. Daktari ni binti mdogo tu, akanipa shikamoo safi, nikaitika kwa sauti ya kutosha wodi nzima. Majibu ya damu yalipotoka akasema Zuhura ana lehemu nyingi mno, ndiyo hiyo kolesteroli.

Nikacheka. "Daktari, hayo si maradhi ya wenye vitambi na nyama choma? Huyu mwembamba kama fito, anakula mchicha!"

Hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

"Baba, naomba uvue viatu."

Akaubonyeza mshipa wa kisigino changu kwa dole gumba, taratibu. "Haya ni mafuta, baba. Mtu anazaliwa na hali hii. Ini lenu haliyaondoi kwenye damu kama la wengine, basi yanajikusanya hapa, na yanajikusanya kwenye mishipa ya moyo vilevile." Kisha akauliza kama kwetu kuna mtu amekufa ghafla akiwa kijana.

Nilitazama dari. Zuhura ndiye aliyemtaja Shabani.

Nikapimwa na mimi. Ninayo. Kwa nini mimi nimefika umri huu na Shabani hakufika, daktari hakunidanganya, alisema miili inatofautiana. Mimi na Zuhura tumeandikiwa vidonge vya kila siku, vya maisha. Akataka na ndugu wapimwe, na wanangu. Nikamwelewesha kwamba sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo wanangu wa kwao, hawahusiki na haya.

"Ugonjwa huu hauulizi ukoo, baba. Unapita kwa mama na unapita kwa baba."

Nina mabinti wawili. Sijawahi hata siku moja kuwatazama visigino, maana si wa kwetu.

Ndiyo maana leo nimepanda huku, nikawaita ndugu hapa uani kwa dada. Nikaeleza yote. Kibwana, mtoto wa mama mdogo, akapiga paja. "Kaka bwana! Jana Mjerumani, leo mafuta! Basi tutie chumvi utukaange!" Wakacheka wote. Mimi mwenyewe nusura nicheke. Nikajaribu tena, lakini kila nilichosema kilitoka na mwendo ule ule wa harusini. Mdomo wangu umezoea njia moja.

Halafu nikasema, "Shabani angekunywa kidonge, pengine tungekuwa naye hapa."

Hapo hakuna aliyecheka.

Dada alikuwa anapepeta mchele. Akauweka ungo chini. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa."

Nikakaa naye chini, kwenye tope. "Mama alitupa sote, dada. Naye alipewa." Akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Kibwana akavua buti zake, akajishika kisigino.

Nimewaomba tushuke wote kesho tukapimwe. Waliokubali ni Kibwana na wengine wachache. Dada hajasema lolote. Sindano haiogopi huyu, kazaa na kuzika. Anachoogopa ni yule daktari kumwambia ndiyo, ilitoka kwake. Na bila yeye kwenda mbele, ndugu wengine hawaendi, namjua yeye na nawajua wao. Kwa watoto wake nina amri, mimi ni mjomba. Kwake yeye sina. Yeye ndiye mkubwa.

Nimekaa kibarazani naandika, namsikia ndani anamaliza kuswali.

Ametoka sasa hivi. Kaniuliza kama gari la asubuhi linajaa mapema.

Nimemwambia linajaa.