Ufa Alioukuta Baba kwenye Silinda Hedi

Wembley, London
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Siham,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kifua chako kimepata nafuu tangu mlipomaliza kuanika karafuu. Sisi huku afya tunazo, alhamdulillah. Wifi yako Sundus bado yuko kwenye kazi yake ya hospitali. Miska amepanda darasa, na kila siku huniuliza kwa Kiingereza babu yake atarudi lini.

Umeniuliza mara tatu London walimfanya nini Baba. Mara nne nimekurekodia sauti, na mara nne nimeifuta. Ndiyo maana nimekaa nikaandika kwa mkono, nimpe jirani yetu Bi Jokha anayekuja Wete wiki hii. Karatasi nikishaikabidhi siwezi kuifuta.

Unakumbuka baada ya msiba wa Mama nilimwita Baba aje kukaa nasi, kwa kuwa pasi yake ya Uingereza ya tangu wakati ule wa ukimbizi anayo. Mwezi wake wa kwanza huku alikaa dirishani tu, ghorofa ya tatu, akiangalia mabasi. Siku moja akaniambia, "Riyadh, nitafutie injini. Yoyote. Mikono inaniuma kwa kukaa bure."

Nikampeleka Southall, kwenye gereji ninayofanya kazi mwaka wa tisa sasa. Mwenyewe ni mama wa Kipunjabi aliyezaliwa Nairobi, jina lake Ushma, na Kiswahili cha kwao hakijamtoka. Alimpenda Baba palepale. Akasema vijana wa siku hizi wanajua kuchomeka kompyuta tu, yeye anataka mtu wa kufungua injini. Kwanza lakini amwone akifanya kazi.

Gari aliyompa kumjaribu ilikuwa ya Generosa, mama wa Kihaya anayekaa Lewisham, ambaye kazi yake ni kuzunguka majumbani kuwaogesha na kuwalisha wazee. Gari ilikuwa inakunywa maji na kuchemka. Ushma akamwambia Baba afungue silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu, aikague, kisha amwambie alichokiona.

Kitu alichosahau Ushma, na mimi sikumkumbusha, ni kwamba hedi ile niliifungua mimi mwezi wa Juni. Nilitakiwa niipime kama ina ufa kabla ya kuirudisha. Nilikuwa na haraka, sikupima. Nikaandika kwenye karatasi ya kazi kwamba nimepima na ni nzima, nikatia saini.

Siham, ungemwona Baba siku ile. Alilegeza bolti kuanzia za pembeni kuja kati, kila moja kidogo kidogo, kama mtu anayemvua mgonjwa bandeji. Akatoboa boksi tupu matundu kumi na sita, akaandika namba, na kila valvu aliyoitoa akaichomeka kwenye tundu lake isichanganyike na nyengine. Akakwangua masizi. Kabla ya kuzitoa valvu alikuwa amezimiminia petroli kidogo, akangoja kuona ipi inavujisha. Kibet, fundi mwenzetu Mkenya, aliacha kazi yake akaja kutazama.

Kisha Baba akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole kwenye silinda ya tatu, baina ya pale zinapokalia valvu mbili. Akarudia. Akaniita kwa sauti ya chini.

"Leta kidole chako hapa. Unasikia?"

Nilisikia. Ufa mwembamba kama unywele.

"Huu si wa leo," akasema. "Aliyeifungua hii mara ya mwisho hakuitazama."

Hakujua kwamba anamsema mwanawe. Ushma akafika, akauliza, "Haya Mzee, umepata nini?" Baba akamwonesha. Ushma akatazama, hakuwa na hakika, akanigeukia: "Na wewe Riyadh, unaona ufa?"

Niliwasha tochi, nikainama, nikatazama muda mrefu kwa makusudi. Nikasema, "Sioni kitu. Ni mkwaruzo wa kukwangua masizi." Kisha nikaongeza, na neno hili hakuna aliyenilazimisha, "Baba ana mtoto wa jicho. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Baba akasema, "Naona vya kutosha."

Mimi mwenyewe ndiye niliyesema apewe fila geji asome namba. Unazijua zile bamba nyembamba za kupimia upenyo, namba zake ndogo kama mayai ya sisimizi. Baba akaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Akasoma kumi na tano. Ilikuwa thelathini na tano. Kibet akacheka. Na mimi, dada, nikacheka naye.

Hapo Baba alinitazama, na nadhani ndipo alipojua hedi ile ilifungwa na nani. Akapangusa mikono yake kidole kimoja kimoja, akakunja kitambaa, akamwambia Ushma ahsante. Alirudi Wembley peke yake kwa basi. Sundus alipomuuliza kazi imekuwaje, akamjibu kwamba baridi ya gereji haimfai.

Hedi niliirudisha mimi jioni ileile, na gasketi mpya, juu ya ufa ninaoujua.

Baada ya wiki tatu injini ilikwama Generosa akiwa njiani kwenda kwa wazee wake. Mmoja wao, bibi asiyeweza kuinuka, alikaa na uchafu wake tangu asubuhi mpaka alasiri. Kampuni ikamwachisha Generosa kazi. Ushma akaifungua hedi kwa mkono wake, na safari hii ufa ulionekana hata bila ya tochi. Akaniita ofisini.

"Mzee aliniambia. Wewe ukasema hakuna kitu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli pale, Siham. Badala yake nikamwambia kwamba Baba aliiangusha hedi alipokuwa anaitoa, ufa ukaingia, naye akajifanya ameukuta. Nikasema nilimwona, nikamfichia kwa kuwa ni baba yangu. Nilitoa hata machozi.

Ushma akampigia simu palepale, akaweka sauti ya juu. "Mzee, sema ukweli, hedi ya yule mama uliiangusha?"

Nilisikia televisheni ya Miska nyuma ya Baba. Kisha akasema, "Ndiyo, mama. Iliniponyoka. Mwanangu hana kosa."

Kesho yake akaomba tiketi ya kurudi. Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe, na njia nzima hakunilaumu. Kwenye foleni ya mizigo akaniambia neno moja tu: "Yule mama aliyepoteza kazi, mwambie nimemwomba radhi."

Generosa nilimfikishia. Akajibu kwamba Mungu atamlipa mzee yule kwa alichomfanyia. Nikaitikia amina.

Sasa unaniambia watu wanamletea injini mpaka barazani na yeye anawajibu haoni, na kwamba spana zake amezigawa. Anaona, dada. Aliona kwa ukucha kile nilichokificha mimi mwenye macho mazima. Na ujue na hili pia: tangu mwezi uliopita Ushma amenifanya mkuu wa gereji, kwa uaminifu wangu, anasema. Nimekubali. Bado sijamwambia kitu. Nimeanza na wewe kwa kuwa wewe huwezi kunifukuza kazi, na huo nao ni woga, naujua.

Nisalimie shangazi Biubwa, mwambie dawa za magoti Bi Jokha anazo mkobani. Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mungu akupe afya na akuzidishie subira, maana nimekutwisha mzigo usiokuwa wako.

Baba usimpe salamu zangu. Msomee barua hii mwanzo mpaka mwisho, mbele ya hao aliowaambia haoni.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata kama kuanzia leo utanikataa,

Riyadh Hamad