Nyundo za Maman Nabintu

Muzee Cirhuza,

Usianze kunikasirikia kabla sijafika katikati. Najua ungekuwa hapa ungeninyang'anya karatasi, ungevaa ile miwani yako yenye mguu mmoja wa uzi, ungeruka moja kwa moja hadi mstari wa mwisho kuona kama nimeomba msamaha au nimezunguka tu. Safari hii soma kuanzia juu. Nina aibu, na aibu yangu inatembea polepole kama mimi mwenyewe.

Kwanza habari za nyumbani. Maman Furaha, mke wako, ni mzima. Ameanza kucheka tena, hasa akiniona natoka Misa nimevaa koti lako alilonipa. Linanibana tumboni hadi vifungo vinaomba huruma. Kazini walinipa kiti chako. Siku ya kwanza nilikaa ukingoni, kama mgeni. Siku ya pili nikakaa vizuri. Matatizo yalianzia hapo, Muzee: nilikaa vizuri.

Kazi ni ileile uliyonifundisha: kuchagua viwanda vidogo na vya kati vinavyouza vitu vyao nje ya nchi, kwenda kuwauliza wenyewe wanafanyaje na wanakwama wapi, na kuleta majibu ofisini. Wengine wanachukua orodha iliyo kabatini na kuanza. Wewe ulikataa. "Orodha ya kabati ni ya wenye kibao mulangoni," ulisema. "Mwenye kuuza Kamembe, kule Rwanda, hana kibao. Iko na maman mwenye kumubebea ku kichwa."

Basi ukawa unaenda Ruzizi, unasimama mpakani asubuhi na daftari, unawauliza wanawake wanaovuka na mizigo: sabuni hii nani aliitengeneza? Vikapu hivi vimetoka kwa nani? Unakumbuka walivyokukimbia? Walidhani wewe ni mtu wa ushuru. Ukaenda ukanunua mbabula, jiko la bati la makaa, ukajitwika kichwani, mzee mzima na tai shingoni, ukaingia kwenye foleni yao. Maman mmoja akakuuliza, "Papa, bibi yako alikufukuza na jiko lake?" Ulicheka hadi mbabula ikaanguka. Toka siku ile walikuambia kila kitu, na orodha yetu ikawa inatoka kwao.

Kisha kofia. Kila jina kwenye karatasi yake, karatasi zote ndani ya kofia, na Maman Furaha anavuta akiwa amefumba macho. Atakayetoka ndiye, awe kando ya lami au kwenye njia ya mbuzi. Ukikuta pamefungwa unarudi siku nyingine, hadi mara tatu, ndipo unavuta karatasi mpya. Nilipokuuliza kwa nini tusimchukue tu jirani aliye karibu, ulinitazama kama umenikuta na mkono ndani ya sufuria yako. "Bisimwa, tukichagua wa karibu, tutaandika kwamba viwanda vyote vya Bukavu viko kando ya barabara na viko na kiti cha mugeni."

Mwaka huu nilifuata yote hayo. Nilisimama mpakani. Maman Furaha alivuta. Karatasi moja ikatoka: Maman Nabintu, mbabula, Kadutu juu. Ni mjane. Anaongoza wanaume watatu wanaopiga bati, na majiko yake yanavuka Ruzizi kila siku ya soko. Nikamtumia habari kupitia mbebaji wake kwamba karatasi yake imetoka, anisubiri.

Siku yenyewe, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Motari alinifikisha na pikipiki yake pale barabara inapoishia. "Papa, hapa piki haipandi. Ni miguu." Nikaitazama miguu yangu, nayo ikanitazama. Ile njia ilikuwa inateremka matope kama uji. Nikasema nitapumzika kidogo kwanza.

Na huko juu, Muzee, nilisikia nyundo. Ko-ko-ko, ko-ko-ko, na bati linaitikia. Nilisikia hadi mtu akikohoa na mwenzake akimcheka. Nikatoa mfukoni fishi yake, ile karatasi ya maswali, nikaiegemeza kwenye kiti cha piki, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule uliousifia: fermé. Pamefungwa. Nikaweka na tarehe tatu, ya siku ile, ya kesho yake na ya kesho kutwa. Motari alichungulia, akatazama juu kilimani, akaanza kufuta tope kwenye taa ya piki. Nyundo hazikunyamaza.

Nilipaswa basi kuvuta karatasi nyingine. Sikuvuta. Nilimwambia motari anipeleke Nyawera, kwa Baguma, yule niliyesoma naye, anayesaga kahawa na kuifunga kwenye pakiti. Ana kibao. Ana kiti cha mgeni, tena chenye mto. Alinipa chai na mkate, tukajaza fishi tukicheka. Tulipofika kwenye swali la nchi anazouzia, alikuna kidevu. Hajawahi kuuza nje hata pakiti moja. "Andika tuko njiani," akasema. Nikaandika: wako njiani. Nikaongeza chai.

Ningeweza kukaa na hilo hadi leo, sitakudanganya. Lakini wiki mbili baadaye nilikuwa sokoni Nyawera, nachagua maharagwe, nikasikia sauti nyuma yangu: "Papa wa fishi!"

Alikuwa Maman Nabintu, na majiko manne kichwani, na yule mbebaji wake kando yake akininyooshea kidole. "Nilikungojea siku tatu, Papa! Nilifagia njia yote. Nikaazima na kiti kwa jirani."

Nami, bila hata kumeza mate: "Maman, nilikuja. Nilikuta mumefunga."

Nilitegemea anitukane. Ningepona haraka zaidi. Alifikiri kidogo, akashika mdomo. "Aa, pole sana, Papa. Pengine ni ile saa nilienda kuchota maji. Na hawa banaume bangu, nikitoka tu, banakaa. Unisamehe, nilikuchokesha na kilima bure."

Alinipa pole kwa kilima nisichokipanda. Muzee, maharagwe yalinidondoka.

Kisha akauliza kama bado naweza kumwandika. Siku hizi mpakani wanaomba karatasi inayoonyesha kitu kimetengenezwa wapi, na yeye hajui inatafutwa mlango gani. Wabebaji wake wawili wameacha kuchukua mbabula, wanaogopa kurudishwa nazo. Aliposikia ametoka kwenye kofia, aliwaambia wale wanaume watatu wavumilie, kuna Papa anakuja kuyapeleka maneno yao. "Kama hatukuandikwa, batajuaje tuko? Nitafunga kweli, Papa." Alisema bila kunishitaki, anapanga tu majiko yake.

Ripoti ilikuwa iondoke Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kesho yake nilipanda. Nilipumzika mara nne, na kuku mmoja alinipita. Nilipofika juu sikuwa na pumzi ya kusema hodi. Wale wanaume waliacha nyundo wakanitazama, na mmoja akasema, "Maman, mugeni wako anakufa." Wakakimbia kuazima tena kile kiti. Tulijaza fishi kutoka swali la kwanza hadi la mwisho, na lile swali la wanakwama wapi lilijaza hadi nyuma ya karatasi. Kabla sijaondoka nikamwambia ukweli, kwamba ile siku ya mvua nilikuwa chini pale nikisikia nyundo zake. Aliniambia nishuke polepole, njia inateleza. Pole hakunipa tena.

Nikaenda ofisini na matope yangu. Mkuu wetu mpya ni Madame Chantal, ana umri wa binti yangu wa kwanza, na hapaazi sauti hata akikasirika. Nilimwambia fishi ya Baguma ni ya uongo, na ile ya fermé pia. Aliizuia ripoti. Fishi zangu zote zitakaguliwa na mtu mwingine, na timu siiongozi tena. Nilisema merci. Asante. Nilipofika mlangoni akaniuliza, "Papa Bisimwa, ni hizo tu?"

Nikamwambia nitamjibu kesho.

Kesho yenyewe imefika, ni asubuhi, nina saa moja kabla ya ofisi kufunguliwa, na nimekaa kwenye ngazi zake nakuandikia wewe kwanza. Kwa sababu si hizo tu. Nisamehe, naliandika bila kuzunguka: kuna moja kwenye uchunguzi wako wa mwisho.

Ulikuwa kitandani. Ulinituma Walungu, kwa yule mzee anayesuka vikapu vinavyokwenda Burundi. Basi dogo liliniacha senta, wakaniambia kwake ni mwendo tena, kuvuka bonde. Nikala brochette, mishikaki ya mbuzi, nikaandika fermé na tarehe tatu, nikarudi. Ulinishika mkono ukaniuliza, "Ulirudi mara tatu?" Nikasema, "Mara tatu, Muzee." Ukachukua kalamu, mimi nakushikia karatasi isiteleze, ukatia saini. Ukasema, "Sawa. Sasa hata nikilala, weye uko."

Miaka yote hiyo ya njia za mbuzi, na kazi yako ya mwisho ina jina lako chini ya maneno yangu. Nililia kwenye mazishi yako kuliko wanao, watu wakanishika mabega, wakasema mnaona alivyompenda. Nilikupenda, ndiyo. Lakini nilikuwa nalilia pia ile karatasi.

Naona mlinzi anafungua geti. Basi sikiliza ahadi yangu, ni fupi. Naingia kwa Madame Chantal, namwomba atoe lile faili lako. Pale kwenye fishi ya Walungu nitaandika kwamba aliyetia saini hakujua, aliyedanganya ni mimi, na nitaweka jina langu lote, hata lile la ubatizo unalolicheka. Halafu nitamwambia Maman Furaha, kwa mdomo wangu, kabla hajasikia sokoni. Akilitaka koti lake, nitamrudishia. Na Jumatatu niko Walungu, kumtafuta yule mzee ng'ambo ya bonde, kama bado anasuka, kama bado yuko. Fishi ya kumjaza sina tena. Nitamwambia tu kwamba karatasi yake iliwahi kutoka, na kwamba wewe ulitaka kumsikia.

Kaa kwa amani, Muzee wangu. Saini yako ilikuwa safi. Naenda kuitoa pale nilipoiweka.

Bisimwa