Sauti ya Mama Katika Filamu ya Haddis

Merkato, Addis Ababa
22 Januari 2011

Mpendwa Kaka Zergaw,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mguu wa Mama umepata nafuu, sasa anakwenda kanisani bila kushikwa. Wewe je, kifua chako kimeizoea baridi ya Winnipeg? Shemeji na watoto wanaendeleaje?

Uliniuliza kuhusu filamu mpya ya Haddis Kebret, ile ya watu wanaohamia sayari nyingine baada ya dunia kukauka. Nimechelewa kukujibu kwa sababu najua unavyompenda. Mimi na wewe tulikuwa tukitoroka shule kwenda kutazama filamu zake. Ndiye aliyetuonyesha sisi watu wa Merkato tukiwa watu kamili.

Kuna jambo tulilokuficha, maana Mama alitaka likufurahishe ghafla. Mwaka jana Haddis alikuja hapa nyumbani, akala kitfo, ile nyama mbichi ya kusaga anayoiandaa Mama, kisha akamwomba Mama amwimbie yale maombolezo ya ndugu yetu Sahle, kwa Kigurage chetu, ayarekodi. Unajua Mama hakuwahi kuyaimba tena tangu tulipomlilia, alipouawa vitani kule mpakani. Alikataa. Haddis akamshika mikono, akasema, "Mama yangu, kwenye filamu kuna mama anayemlilia mwanawe. Nataka nchi nzima imlilie Sahle." Mama akaimba.

Basi Jumamosi iliyopita tulikwenda kwenye uzinduzi. Mama alijitanda shama jipya, lile shuka jeupe la pamba. Filamu yenyewe imepoa, Kaka. Vyombo vinaruka, watu wanakimbizana, hakuna anayezungumza na mwenzake kama binadamu. Hata hivyo niliendelea kumtetea Haddis moyoni, nikingoja huyo mama anayelia.

Hakutokea. Walitokea viumbe wa hiyo sayari, wana ngozi ya mijusi, wakafumbua vinywa, na sauti iliyotoka ni ya Mama. Yale maombolezo wameyakatakata yakawa lugha ya mazimwi. Kila walipotaka kumrarua mtu walitamka jina la Sahle. Ukumbi ukacheka. Mwanamke mmoja nyuma yetu akawa anawaiga.

Mama akaniuliza taratibu, "Wanacheka nini?"

Nilimshika mkono tukatoka.

Jana Haddis alikuja na maua. Mama alimkaribisha, akakaanga kahawa kama kawaida.

"Nilikusudia heshima, Mama," Haddis akasema. "Nilihitaji lugha ambayo watazamaji wataona haitoki duniani."

"Mwanangu alikuwa wa dunia hii," Mama akamjibu. "Nimemzika humu humu."

Alimmiminia kikombe cha kwanza, kisha cha pili. Kile cha tatu, cha baraka, hakummiminia. Alibeba birika, akaenda kumwaga kahawa uani, Haddis akimtazama. Mtu yule tuliyemsifu maisha yetu yote akainuka, akaaga, hakuna aliyemwitikia. Mimi nilitazama sakafu.

Nakuomba usiitafute filamu hiyo.

Shangazi Wubit na Baba Mdogo Degu wanakusalimu sana. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Mungu awakinge na baridi hiyo, awarudishe kwetu salama.

Mama anasema upige simu Jumapili. Anataka kukuimbia yale maombolezo yote, tangu mwanzo hadi mwisho, yasikiwe na mtu aliyemjua Sahle.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Amarech