Kwako Mwalimu Sijui

Baba Watoto,

Mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipotoka nyumbani kwenda hospitali, umeegemea bega la kijana wetu. Nilikufuata mpaka kwenye gari nikakuuliza, "Utarudi?" Ukanitazama sana, ukasema, "Sijui, Mama Watoto."

Hukurudi. Na neno hilo limenikaa kooni mwaka mzima kama mwiba wa samaki. Waliokuja kunipa pole waliniuliza umeniachia maneno gani ya mwisho. Nilijifanya kukoroga chai.

Lakini ndivyo ulivyokuwa, na wanafunzi wako ndio waliokubandika jina la Mwalimu Sijui. Uliwafundisha watetezi wa watoto, wale wanaokaa na mtoto aliyeumizwa na mtu mzima, wakamsindikiza kwa daktari, polisi na mahakamani, na wasimwache mama yake ahangaike peke yake. Chumba chenu kilikuwa nyuma ya zahanati, kina viti vya kila kimo na dirisha linalogoma kufunga. Uliwafundisha kugonga mlango na kungoja kukaribishwa, hata kama aliyemo ndani hajaota meno yote. Uliwafundisha wasikae kati ya mtoto na mlango, mtoto asije akajiona amefungiwa. Hata hapa nyumbani kiti cha mlangoni hukukikalia. Wageni walidhani unaogopa baridi.

Jioni, ukiandaa somo, ulinigeuza mimi mtoto. "Mama Watoto, kaa hapo, leo una miaka saba." Na magoti yangu haya yanayolia! Nikakuuliza kitoto, "Yule mtu atafungwa?"

"Sijui."

"Atarudi kwetu?"

"Sijui. Ninachojua, Jumatano nitakuja kukuona."

Nikauacha utoto palepale. "Yaani wewe unalipwa mshahara kwa kusema sijui? Si hata mimi wangeniajiri!"

Ulicheka mpaka ukavua miwani. Kisha ukaniambia taratibu, "Sijui ya kweli mtoto ataivumilia. Akikukamata na uongo mmoja, basi, hasemi tena na mtu."

Na Jumatano ulikuwa unakwenda kweli kwa watoto uliokabidhiwa mwenyewe. Kuna siku ulikwenda na homa, umevaa sweta langu la maua kwa kuwa lako lilikuwa bado bichi kwenye kamba. Mtoto akakucheka. Ulirudi una furaha kama mtu aliyetunukiwa, na homa yako vilevile.

Baba Watoto, mwaka huu haukuwa mwema. Darasa lako amelichukua yule binti uliyemwita Dada Haraka, anayeongea kama bomba lililopasuka. Ana moyo mzuri, ila moyo huo humtangulia. Alikabidhiwa mtoto wa kike wa mama mmoja fundi cherehani. Anayeshtakiwa kumuumiza ni baba yake mdogo, na ukoo wote wa upande ule umemkalia mama kooni ili aifute kesi. Siku mtu yule alipokamatwa, mtoto aliuliza, "Hatatoka?" Dada Haraka akashikwa na huruma. "Hatatoka, mwanangu. Nakuahidi."

Alitoka kwa dhamana. Mtoto akamkuta dukani ananunua sabuni.

Tangu siku hiyo mtoto alifunga mdomo. Mama yake hakupata neno, daktari hakupata neno, na Dada Haraka aligeuziwa mgongo. Tukaambiwa mtoto asiposema, kesi haina miguu, na mtu yule atarudi kula naye meza moja.

Dada Haraka alikuja kwangu, akajitupa kwenye kiti cha mlangoni, akalia. "Mama, nimeiua kesi kwa mdomo wangu. Naacha kazi. Mwalimu angekuwepo angenifukuza."

"Asingekufukuza. Angekuuliza Jumatano ulikuwa wapi."

Akajifuta machozi kwa kiganja. Nikamuuliza, "Umemwambia mtoto kwamba ulikosea?"

"Nitamwambiaje, Mama, naye ananipa mgongo?"

"Uambie huohuo mgongo. Masikio yapo palepale."

Yaliyofuata nilisimuliwa na fundi cherehani mwenyewe, naye ndiye aliyeniruhusu niyaandike. Mtoto naye aliulizwa kwanza, kama ambavyo ungetaka.

Dada Haraka aligonga, akangoja, akaingia akakaa sakafuni kando ya vitambaa. Akasema, "Nilikuahidi kitu ambacho hakikuwa mikononi mwangu. Nilikosea. Jumatano ijayo nitakuja." Akaondoka. Jumatano iliyofuata akaja. Na nyingine, na mvua ikinyesha. Mgongo ukawa uleule. Fundi anasema alifika mahali akamwonea huruma huyo dada kuliko mwanawe.

Siku moja mtoto, bila kugeuka, akauliza, "Atafungwa?"

Mama yake akasimamisha cherehani. Dada Haraka, mwenye mdomo usio na breki, alikawia.

"Sijui," akasema.

Ndipo mtoto akageuka. "Huko mahakamani, wewe utakaa wapi?"

"Popote utakaponiambia."

"Kaa ninapokuona."

Kesi inasikilizwa wiki ijayo. Ndugu wa mshtakiwa bado wanapita mbele ya cherehani wakisonya. Mama yake mtoto amekonda. Mimi nimepiga magoti, nimemwomba Mungu anioneshe tu itakavyokuwa, na kila nikimwomba hivyo nasikia sauti yako. Kwa hiyo sasa namwomba ampe mtoto pumzi ya kutosha, na ampe Dada Haraka utulivu wa kukaa kitini.

Siku niliyosimuliwa hayo, mwiba ulinilegea kooni. Pale kwenye gari ungeweza kuniambia "kesho nitarudi", nami ningetandika kitanda na kungoja. Hukunifanyia hivyo. Bado kuna asubuhi nakukasirikia, nisikufiche. Lakini hakuna neno lako hata moja ninaloligeuzageuza nikijiuliza kama lilikuwa kweli.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Binti yetu muuguzi na mumewe. Kijana wetu fundi magari, ambaye siku hizi anagonga mlango wa chumba cha mwanawe kabla ya kuingia. Dada yako mkubwa, anayekulilia kwa sauti na kukusema kwa sauti. Wajukuu wako, pamoja na yule mchanga ambaye hukumwona. Na wanafunzi wako wote, Dada Haraka akiwa mbele yao. Sala ya kukuombea itafanyika nyumbani Jumatano jioni. Ulijua tu kwamba ingekuwa Jumatano.

Ulitukataza kuahidi kisichokuwa mikononi mwetu. Hakimu hayumo mikononi mwetu, wala wiki ijayo haimo. Kukukumbuka ndiko kulikomo mikononi mwetu, na hilo, Baba Watoto, tunakuahidi daima.