Sauti Iliyochelewa Nyuma ya Kidole

Bwenini, Mpanda
Jumamosi mchana

Baba mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu nipewe kinanda cha kwaya hapa parokiani, nilikuwa naamini mikono yangu ni mizito na sikuumbwa kwa muziki. Nilikuwa najipanga kuacha. Nakuandikia wewe kwa sababu umepiga ngoma kigangoni tangu sijazaliwa, utanielewa.

Sasa salamu. Hamjambo huko Mwese? Mgongo wa Bibi unaendeleaje na baridi hii? Barabara imeshapitika, au bado pikipiki zinasukumwa? Mimi ni mzima na masomo yanakwenda.

Kinanda chenyewe, Baba, hakina sauti yake. Kinaungwa kwa waya kwenye kompyuta ya parokia. Kompyuta ndiyo inatengeneza sauti, kisha inaipeleka kwenye spika. Kila nikibonyeza, sauti ilikuwa inatoka nyuma ya waimbaji. Wavulana wa besi wakanicheka: "We Veronika, hicho kinanda kinakuja kwa miguu kutoka Mwese?" Mwalimu wa kwaya hakucheka. Alisema, "Binti, Jumapili ni kipaimara. Kikiendelea kuburuta hivi, tutaimba kwa ngoma peke yake." Basi nikajizoeza kubonyeza kabla ya wakati, ili sauti ifike pamoja na wenzangu.

Wiki hii niliwahi mazoezini, kanisa likiwa tupu. Nikabonyeza kibao kimoja kwa nguvu. Nikasikia kwanza "tak" ya kibao, halafu ndipo sauti. Nikarudia. Kidole kilikuwa kimeshafika, sauti ndiyo ilikuwa bado njiani.

Nikasoma maelezo ya programu inayotengeneza sauti, kamusi ya Kiingereza ikiwa pembeni. Kumbe spika yetu ya bluetooth, isiyo na waya, yenyewe inachelewesha sauti. Nikaomba waya, nikaunga kompyuta moja kwa moja kwenye amplifaya ya kanisa. Kuchelewa kukapungua sana, lakini hakukwisha. Kuna kitu kingine kinaitwa bafa. Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone, inajaza ndoo kwanza ndipo inaipeleka. Ndoo ikiwa kubwa, unasubiri. Yetu ilikuwa imewekwa ukubwa wa 1024. Nikashusha hadi 128, spika za kanisa zikaanza kukwaruza, maana ndoo zikiwa ndogo mno kompyuta haiwahi kuzijaza. Nikapandisha hadi 256 na kufunga programu nyingine zote zilizokuwa wazi. Mikwaruzo ikaisha. Nikabonyeza, sauti ikawa hapohapo chini ya kidole.

Nilifurahi mapema. Kwaya walipofika tukaanza wimbo wa kuingilia, nami nikawatangulia wote. Mikono ilikuwa imeshazoea kukimbia. "Leo kimepanda pikipiki!" mmoja akasema, wakacheka mpaka Mwalimu akagonga meza. Mazoezi ya mwisho ni leo jioni, na sijui nitamwambia nini.

Nisalimie Mama, mwambie sabuni ilifika. Msalimie Bibi, na mjomba fundi baiskeli, na mdogo wangu anayelalia kitanda changu. Mwambie vitabu vyangu asivichoree.

Jumapili jioni

Baba, sijapata mtu wa kuileta barua, kwa hiyo naongeza.

Jana nilimfuata Mwalimu kabla mazoezi hayajaanza. Unajua nilivyo mbele ya wakubwa. Nilisema nikitazama chini: "Shikamoo Mwalimu. Kinanda kimepona, ila mimi bado. Kwenye nyimbo za haraka mikono inakimbia. Hizo tuwaachie wa ngoma, mimi niachie wimbo wa komunyo."

"Huo utauweza?"

"Huo ni wa polepole. Nitauweza."

"Haya. Lakini ukikimbia, nakuzimia amplifaya."

Leo asubuhi wimbo wa kuingilia waliuimba kwa ngoma, nami niliimba pamoja nao nikiwa nimesimama kwenye safu ya wasichana. Zilizofuata zote vilevile. Komunyo ilipofika nilitoka kwenye safu, nikakaa kwenye kinanda. Sikutazama kompyuta. Nilimsikiliza mpiga ngoma, naye aligusa ngoma taratibu. Alipogusa, nikabonyeza, na sauti ikatoka pamoja na ngoma yake mpaka mwisho wa wimbo.

Mwanao,
Veronika