Wembe Wako Jivu Halikuufikia

Baba,

Bado nina hasira, na sitangoja ipoe ndipo nikuandikie. Ungenishangaa ningekuja na maneno ya upole.

Jioni ile tulipokuzika, dada zako waliamua kukuheshimu. Walifungua sanduku lako, wakatoa visu vya kale, nyembe za kukunja, singe za askari wa vita vya wazungu, na ile chupa ya maji yenye jina la mtu lililokwaruzwa kwa msumari. Wakaketi nyuma ya jikoni na jivu na waya wa sufuria, wakasugua. Walitaka wageni waone mzee aliishi safi! Shangazi Dorina akaniletea ile singe nyeusi uliyoipata Isebania kwa dereva wa lori, inameta kama kijiko kipya, naye analia na kutabasamu pamoja. Alama ya kiwanda ilikuwa imeenda. Ningemwambia nini? Nilimshukuru, nikaenda kulilia chooni.

Maana mimi nilikulia kwenye duka lako la kinyozi pale Kosele. Mteja yuko na povu shavuni, wewe unanipa kisu: kimetoka wapi hiki? Nikitaja nchi ya kwanza iliyonijia kichwani, unasema, "Wacha kubahatisha. Tazama shina, pale kinapoingia kwenye mpini." Na kutu, unaniambia, usiiguse, nyathina, mwanangu, hiyo ndiyo inatuambia kimekaa wapi. Mteja anangoja, povu linakauka.

Sasa ndugu yako, Baba Mdogo Owuor. Yule hakungoja hata udongo ukauke. Eti vyuma vilivyoua watu havikai ndani ya boma. Eti msichana harithi silaha. Na kwa vile alama zimefutika, eti hivyo sasa ni vyuma vikuukuu tu, viuzwe kwa kilo.

Siku ya liedo, familia inaponyoa nywele za msiba, pikapu ya mnunuzi wa vyuma kutoka Isebania ilikuwa imesimama langoni, na sanduku lako limeshatolewa nje ya mlango. Shangazi walikuwa na viwembe vipya vya dukani. Nikasema hapana. Mimi ndiye kinyozi wa familia tangu macho yako yafifie, na msiba wa Baba utanyolewa kwa wembe wa Baba. Ulikuwa mkobani mwangu, ndiyo maana jivu halikuufikia. Nilikunyoa nao hospitalini Homa Bay, kumbuka, ulipokuwa huwezi tena kusema. Ulijigusa shavu kwa kidole: hapa umeacha. Ai, Baba. Hicho kidole nakikosa sana.

Nikaunoa kwenye ule mkanda wa ngozi wa askari, nikanyoa mmoja mmoja. Baba Mdogo alikuja wa mwisho. Nilimnyoa upande wa kushoto vizuri kabisa. Kisha nikakunja wembe, nikamuuliza sanduku linaenda wapi.

"Maliza kichwa kwanza," akasema.

Nikamwambia kichwa kitangoja. Akaniita mtoto asiye na adabu. Akapiga kelele aletewe kiwembe cha dukani, mtu mwingine ammalizie. Na Shangazi Dorina, yule yule wa jivu, akavuta pakiti ya viwembe, akaikalia, akajifunika leso vizuri kama mtu anayesikia baridi. Jua linawaka! Hakuna aliyemuuliza.

Basi ndugu yako akakaa pale nusu kichwa, mnunuzi anacheka langoni. Mwishowe akampungia mnunuzi mkono aende zake. Pikapu ilipopotea barabarani ndipo nilipomaliza, polepole, na sikumkata hata kidogo.

Sanduku sasa liko kwangu Kendu Bay, kwenye duka langu la kinyozi. Alama ya singe haitarudi, hilo limeniuma na litaendelea kuniuma. Lakini bado naijua kwa uzito wake, na kwa ile pete inayovikwa mdomoni mwa bunduki. Wapo wanaosema mwanamke na visu vya vita ataolewa na nani. Nawauliza kama wanataka ndevu zitoke au hawataki.

Wiki iliyopita Baba Mdogo aliingia, akaketi bila salamu, akasema leo nikianza nimalize. Nikamaliza. Alipoinuka akaishika ile chupa ya maji, akasoma lile jina taratibu, akairudisha mahali pake.

Lala sasa, Baba. Vitu vyako havitapakiwa kwenye gari la mtu nikiwa hai, wala havitaonja jivu tena. Na siku yangu ikifika, wataninyolea msiba kwa wembe huu huu. Nimeshawaambia. Anayetaka kubisha na aje kwenye kiti, nimnyoe upande mmoja.

Binti yako,
Akinyi